NAMNA YA KUSOMA MAKALA ZA UTAFITI WA KITAALAMU
Maelezo kwa Watumishi wa Serikali na Wananchi

Visiwa vyetu vimefanyiwa utafiti mwingi. Madaktari wamechunguza maradhi ya watoto wa Pemba, wataalamu wa mifugo wamewafuatilia mbung'o wa Unguja, na wanasayansi wa bahari wameandika juu ya matumbawe, samaki na mwani wa pwani zetu. Matokeo ya kazi hizo huchapishwa katika majarida ya kitaalamu, mara nyingi nje ya nchi na kwa lugha ya Kiingereza. Hata hivyo, wale ambao matokeo hayo yanawahusu zaidi, yaani afisa anayetakiwa kutoa ushauri, muuguzi wa kituo cha afya, mwalimu wa skuli, sheha na mzazi, aghalabu huyapata kwa kusikia tu, au kwa sentensi moja iliyodondolewa katika ripoti ya mtu mwingine.

Hali hiyo ina hasara. Mtumishi asiyeweza kujisomea makala ya utafiti hulazimika kukubali kila anachoambiwa kuwa "utafiti umethibitisha", au kukataa kila kitu kwa kuogopa kudanganywa. Njia zote mbili hazifai kwa mtu aliyekabidhiwa dhamana ya umma. Makala hii inakusudia kueleza, kwa utaratibu na kwa mifano iliyotokea hapa hapa visiwani, namna ya kuzisoma makala za aina hiyo kwa manufaa. Haihitaji msomaji awe mtaalamu wa hesabu. Inahitaji subira, kalamu na karatasi.

1. MAKALA YA UTAFITI NI KITU GANI

Makala ya utafiti ni taarifa ya kazi iliyofanywa na watafiti wenyewe, wakaeleza swali walilouliza, namna walivyolitafutia jibu na jibu walilolipata. Kabla ya kuchapishwa, mhariri wa jarida huipeleka kwa wataalamu wengine wa fani hiyo waipitie na kutoa kasoro zake. Upitiaji huo ni kinga, lakini si hakikisho. Wapitiaji husoma kile kilichoandikwa. Kwa kawaida hawaendi uwandani kuhesabu upya.

Makala nyingi za sayansi hufuata mpangilio mmoja. Kwanza huja anwani na majina ya watafiti pamoja na taasisi zao. Hufuata muhtasari, ambao kwa kawaida hauzidi ukurasa mmoja. Kisha kuna utangulizi unaoeleza tatizo, mbinu zilizotumika, matokeo, mjadala wa matokeo hayo, na mwishoni orodha ya marejeo. Katika kurasa za mwisho, au chini ya ukurasa wa kwanza, huelezwa nani aliyegharimia utafiti na kama watafiti wana maslahi yoyote katika jambo lenyewe.

Msomaji akiufahamu mpangilio huo huwa amepata nusu ya ufunguo, kwani atajua kila aina ya habari aitafute wapi.

2. UTARATIBU WA KUSOMA

Kosa la kawaida ni kuanza neno la kwanza na kujilazimisha kufika la mwisho, kama mtu asomaye hadithi. Wengi hukwama katika sehemu ya mbinu, wakaifunga makala na kusema kuwa si ya watu kama wao. Inashauriwa makala isomwe mara tatu, na kila mara kwa kusudi lake.

Mara ya kwanza ni ya kupima kama makala inafaa kusomwa. Msomaji asome anwani, mwaka, muhtasari na aya ya mwisho ya utangulizi, ambapo watafiti hueleza swali lao. Kisha atazame majedwali na michoro bila ya kuingia ndani. Kazi hiyo huchukua robo saa. Akimaliza, ajaribu kuandika swali la utafiti kwa Kiswahili katika sentensi moja. Akishindwa, bado hajaielewa, na arudie.

Mara ya pili ni ya kufahamu. Hapa asome mbinu kwanza, kisha matokeo pamoja na majedwali yake. Mjadala auwache mwisho, kwa sababu humo watafiti hutoa maoni yao juu ya walichokiona, na msomaji aliyeanza na maoni hayo huona katika majedwali kile alichokwishaambiwa akione. Maneno magumu ayaorodheshe pembeni na kuyatafuta baadaye. Kamusi ya Kiingereza-Kiswahili ya TUKI iliyotolewa mwaka 1996 husaidia kwa maneno mengi, ingawa si yote.

Mara ya tatu ni ya kuhoji. Msomaji ajiulize: nani waliochunguzwa, walipatikanaje, walilinganishwa na nani, walifuatiliwa kwa muda gani, na je, ipo njia nyengine ya kuyaeleza matokeo hayo? Mara hii haihitajiki kwa kila makala. Inahitajika kwa ile ambayo uamuzi utaegemea juu yake.

3. MFANO WA KWANZA: MADINI YA CHUMA KWA WATOTO WA PEMBA

Katika mwezi wa Januari 2006, jarida la tiba la The Lancet la Uingereza lilichapisha makala ya Sunil Sazawal na wenzake kuhusu watoto wadogo wa kisiwa cha Pemba. Swali lilikuwa zito. Upungufu wa damu ulikuwa umeenea mno miongoni mwa watoto, na ushauri wa kimataifa wa wakati huo ulikuwa kuwapa watoto wa sehemu kama hizo madini ya chuma kwa ujumla wao. Je, kuwapa watoto wote chuma na asidi ya foliki kila siku kungewapunguzia maradhi makali na vifo katika pahala penye malaria nyingi?

Sehemu ya mbinu inaeleza kwamba watoto walikuwa na umri wa mwezi 1 hadi miezi 35, na waligawiwa kwa bahati nasibu. Makala inalinganisha makundi matatu: watoto 7,950 waliopewa chuma na asidi ya foliki, watoto 8,120 waliopewa vitu hivyo pamoja na zinki, na watoto 8,006 waliopewa kidonge kisicho na dawa. Jumla yao ni watoto 24,076. Msomaji asizipite tarakimu hizo haraka. Bahati nasibu ina maana kwamba hakuna aliyechagua mtoto gani apate nini, hivyo watoto wenye afya nzuri na wenye afya mbaya walitapakaa katika makundi yote. Kidonge kisicho na dawa kina maana kwamba mzazi hakuweza kujua mtoto wake yumo katika kundi gani. Na wingi wa watoto una maana kwamba hata tofauti ndogo ingeweza kuonekana.

Matokeo hayakuwa yale yaliyotarajiwa. Watoto waliopewa chuma na asidi ya foliki, kwa zinki au bila ya zinki, walikuwa na uwezekano wa asilimia 12 zaidi wa kufariki au kuhitaji matibabu ya hospitali kwa ugonjwa mkali. Tarehe 19 Agosti 2003, kwa ushauri wa bodi ya kusimamia usalama wa utafiti huo, makundi yaliyokuwa yakipewa chuma yalisimamishwa kabla ya muda wake.

Mtu angeweza kuishia hapo na kutangaza kwamba chuma ni sumu kwa watoto. Angekosea, na kosa lake lingewadhuru watoto wengine. Ndani ya makala hiyo hiyo mna uchunguzi mdogo uliohusisha watoto waliopimwa damu tangu mwanzo na kufuatiliwa kwa karibu zaidi, wakitibiwa malaria ilipogundulikana. Katika watoto hao, wale waliokuwa kweli na upungufu wa chuma na wa damu walinufaika kwa kupewa chuma. Hitimisho la watafiti lina sehemu mbili: kuwapa chuma watoto wote bila ya kuwapima, katika pahala penye malaria nyingi, kunaweza kuleta madhara, lakini mtoto mwenye upungufu, pakiwa na huduma nzuri ya kugundua na kutibu malaria, anaweza kufaidika. Anayesoma anwani peke yake hupata sehemu ya kwanza tu, na huenda akamzuilia dawa mtoto anayeihitaji.

Yapo mafunzo mawili hapa. Kwanza, jambo linaloonekana jema kwa akili ya kawaida bado linahitaji kupimwa. Pili, muhtasari ni mlango wa nyumba tu, na si nyumba yenyewe.

4. KUZISOMA TARAKIMU

Wasomaji wengi huziruka tarakimu. Ziko tatu ambazo mtu yeyote anaweza kujifunza kuzisoma.

(a) Asilimia ya nini? Ongezeko la asilimia 12 haliwezi kufahamika mpaka ijulikane ni juu ya kiasi gani. Tuchukue mfano wa kubuni. Ikiwa kati ya watoto 1,000 wasiopewa dawa watoto 100 hulazwa hospitali, ongezeko la asilimia 12 litawafanya kuwa 112, yaani watoto 12 zaidi. Ikiwa wanaolazwa ni watoto 5 tu kati ya 1,000, ongezeko hilo hilo halifiki hata mtoto mmoja. Asilimia ni ile ile, lakini mzigo kwa hospitali si ule ule. Kila mara asilimia inapotajwa, msomaji aitafute hesabu kamili katika jedwali.

(b) Mipaka ya uhakika. Watafiti hawachunguzi watu wote duniani, bali huchukua sehemu yao. Kwa hiyo, jibu lao huwa ni makadirio, na pembeni yake huandikwa mipaka miwili, ya chini na ya juu, ambayo humo jibu la kweli linakadiriwa kuwemo. Katika makala ya Pemba, ile asilimia 12 imeandikiwa mipaka ya 2 hadi 23. Mipaka yote miwili iko juu ya sifuri, hivyo ushahidi wa madhara ni wa kutosha kuutilia maanani. Tukitazama vifo peke yake, ongezeko lilikuwa asilimia 15, lakini mipaka yake ni kutoka asilimia 7 chini ya sifuri hadi asilimia 41 juu yake. Maana yake ni kuwa takwimu hizo peke yake hazikuweza kukata shauri: huenda vifo viliongezeka sana, huenda havikuongezeka, au hata vilipungua kidogo.

Hapa inafaa kutahadharisha. "Haikuthibitika" si sawa na "haipo". Afisa atakayeandika kwamba utafiti wa Pemba ulionyesha chuma hakina athari katika vifo atakuwa amepotosha, na atakayeandika kwamba umethibitisha kuwa chuma huua naye atakuwa amepotosha vile vile.

(c) Herufi p. Katika makala nyingi huonekana herufi p ikifuatiwa na sehemu ya desimali, kama 0.02 au 0.19. Tarakimu hiyo hueleza: lau kama dawa haina athari yoyote, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii au zaidi? Ikiwa ni 0.02, ni mara 2 katika kila mara 100. Kwa desturi, watafiti wengi huchukua 0.05 kuwa ndio mpaka. Mpaka huo ni makubaliano ya wanadamu tu. Tena tarakimu ndogo ya p haina maana kwamba athari ni kubwa au kwamba ina umuhimu kwa mwananchi. Watu wakiwa wengi mno katika utafiti, hata tofauti isiyo na faida yoyote inaweza kupata p ndogo.

5. MFANO WA PILI: MALARIA KATIKA WILAYA YA KASKAZINI A

Mwezi wa Novemba 2007, jarida la PLoS Medicine lilitoa makala ya Achuyt Bhattarai na wenzake, wakiwemo wataalamu wa Zanzibar, kuhusu malaria katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja. Mwezi wa Septemba 2003 dawa mpya ya mchanganyiko, yenye asili ya artemisinini, ilianza kutolewa katika vituo vya afya vya Serikali. Mwanzoni mwa mwaka 2006 viligawiwa vyandarua vyenye dawa ya kudumu kwa wajawazito na watoto wa chini ya miaka mitano.

Watafiti waliona kwamba kati ya mwaka 2002 na 2005 vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano, kwa sababu zote, vilipungua kwa asilimia 52. Watoto wa umri huo waliolazwa kwa malaria walipungua kwa asilimia 77. Hizo ni habari za furaha, lakini msomaji mwangalifu huuliza jambo moja: hapa kundi la kulinganisha liko wapi?

Jibu ni kwamba halikuwepo. Huu haukuwa utafiti wa bahati nasibu kama ule wa Pemba, bali ulilinganisha hali ya kabla na hali ya baadae katika wilaya ile ile. Utafiti wa namna hiyo una thamani yake, kwa kuwa haiwezekani kuinyima wilaya dawa nzuri ili ipatikane ya kulinganisha. Lakini kufuatana kwa mambo mawili hakutoshi kuthibitisha kwamba moja limesababisha jengine. Jogoo huwika, kisha jua likachomoza, wala hakuna asemaye kuwa jogoo ndiye aliyelitoa jua. Huenda mvua zilikuwa chache miaka ile na mbu wakapungua wenyewe. Watafiti waliliona shaka hilo, wakachunguza hali ya hewa na kueleza kwamba iliendelea kuwa yenye kuruhusu malaria katika muda wote huo. Vile vile, kwa kuwa vyandarua viligawiwa mwaka 2006, haviwezi kuwa ndivyo vilivyopunguza vifo kabla ya hapo. Kwa kuziondoa sababu nyengine moja baada ya moja, hoja yao ilipata nguvu, ingawa haikufikia nguvu ya bahati nasibu.

Msomaji ajipime kwa tarakimu moja zaidi ya makala hiyo. Watoto wa chini ya miaka mitano walipimwa vimelea vya malaria mwaka 2003, 2005 na 2006. Ikiwa mwaka 2003 ndio kipimo, yaani 1, uwiano wa uwezekano wa kukutwa na vimelea mwaka 2005 ulikuwa 0.55, na mipaka yake ni 0.28 hadi 1.08. Mwaka 2006 ulikuwa 0.03, na mipaka yake ni 0.00 hadi 0.27. Katika uwiano wa aina hii, hali ya kutobadilika ni 1 na si sifuri. Mipaka ya mwaka 2005 inaikumbatia 1, hivyo upungufu wa mwaka huo, ukitazamwa peke yake, haukuwa wa uhakika. Mipaka ya mwaka 2006 iko mbali na 1. Aliyekwishafahamu maelezo ya sehemu ya 4 ataliona hilo mwenyewe bila ya kuambiwa.

6. JE, MATOKEO YANATUHUSU SISI?

Utafiti unaweza kuwa sahihi kabisa ulikofanyika na usifae pengine. Mfano mzuri ni kutokomezwa kwa mbung'o Unguja. Kuanzia mwaka 1994 madume ya mbung'o yaliyofanywa tasa, yaliyozalishwa Tanga, yalikuwa yakiachiwa kutoka angani juu ya kisiwa. Majike yaliyopandwa na madume hayo hayakuzaa. Mbung'o wa mwisho wa mwituni alinaswa mwaka 1996, na taarifa ya kazi hiyo ikachapishwa katika jarida la kitaalamu mwaka 2000.

Je, njia hiyo ingefaa popote penye mbung'o? Msomaji arudi kwenye mazingira. Unguja imezungukwa na bahari, mbung'o wake walikuwa wa aina moja, na wakimalizika hapakuwa na wengine wa kuingia kutoka jirani. Katika bara, ambako msitu huungana na msitu mwengine na mbung'o huwa wa aina mbalimbali, kazi ni nyengine kabisa. Kinyume chake pia ni kweli. Mpango uliofaulu katika nchi kubwa yenye barabara na maabara kila mji haufai kuchukuliwa kama ulivyo na kupelekwa katika kisiwa kidogo kinachofikiwa kwa mashua.

7. MAKALA MOJA HAITOSHI

Katika toleo lile lile la The Lancet la mwaka 2006 palikuwa na makala nyengine kuhusu chuma na asidi ya foliki, ya utafiti uliofanyika kusini mwa Nepal, pahala pasipo na malaria nyingi kama Pemba. Huko, chuma hakikuonekana kuongeza wala kupunguza vifo vya watoto. Makala mbili hizo zikiwekwa pamoja hufundisha zaidi kuliko kila moja peke yake, kwani zinaelekeza kwamba huenda malaria ndiyo inayoleta tofauti. Baadae wataalamu walikusanya tafiti nyingi za suala hili na kuzipima kwa pamoja. Mwaka 2016 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba, katika sehemu zenye malaria, chuma kwa watoto kitolewe sambamba na hatua za kuikinga, kuigundua na kuitibu malaria. Kwa hiyo, mtumishi anayetafuta jibu la kutumia aanze na mapitio ya tafiti nyingi au miongozo, kisha ndipo aingie katika makala moja moja.

Inapasa pia kuangalia kama makala imefutwa baada ya kuchapishwa. Mwaka 1998 jarida hilo hilo la The Lancet lilichapisha makala iliyohusisha chanjo ya surua, matubwitubwi na rubela na usonji kwa watoto. Ilitokana na watoto 12 tu, bila ya kundi la kulinganisha. Makala hiyo ilifutwa na jarida lenyewe mwaka 2010, lakini hofu iliyoipanda ilikwishaenea duniani, na wazazi wengi waliwanyima watoto wao chanjo. Jarida lenye sifa hupunguza makosa lakini haliyaondoi.

Aidha, siku hizi yapo majarida yanayochapisha lolote ilimradi mwandishi alipe ada, bila ya kupitiwa na mtaalamu yeyote. Msomaji aangalie kama jarida lina bodi ya wahariri inayojulikana na kama maktaba za vyuo vikuu zinalitambua. Vile vile asome tangazo la maslahi. Utafiti wa dawa uliogharimiwa na mtengenezaji wa dawa hiyo si lazima uwe wa uongo, lakini unastahiki kusomwa kwa jicho la pili.

8. KUANDIKA DOKEZO LA MAKALA

Usomaji usioandikwa hupotea. Mtumishi aliyesoma makala kwa ajili ya kazi anashauriwa kuandika dokezo lisilozidi ukurasa mmoja, liwekwe katika jalada linalohusika, likiwa na mambo yafuatayo:

(i) Anwani ya makala, watafiti, jarida na mwaka.
(ii) Swali la utafiti kwa sentensi moja ya Kiswahili.
(iii) Waliochunguzwa: ni nani, wangapi, wapi na lini.
(iv) Mbinu: je, palikuwa na kundi la kulinganisha, na lilipatikanaje?
(v) Matokeo makuu, kwa hesabu kamili na mipaka yake, si asilimia peke yake.
(vi) Udhaifu waliokiri watafiti, na ule ambao msomaji ameuona mwenyewe.
(vii) Yanayotuhusu na yasiyotuhusu hapa kwetu.

Dokezo la namna hii humwezesha mkubwa wa kazi kuamua bila ya kusoma kurasa kumi na mbili, na humwezesha mtumishi atakayehamishiwa hapo baada ya miaka mitano kujua uamuzi ulijengwa juu ya msingi gani. Penye shaka, shaka hiyo iandikwe. Si aibu kwa mtumishi kuandika kuwa jambo halijathibitika. Aibu ni kulithibitisha kwa kalamu yake jambo ambalo watafiti wenyewe hawakulithibitisha.

Kuhusu upatikanaji, makala nyingi, ikiwemo ile ya Kaskazini A, husomwa bila ya malipo kwa njia ya intaneti. Kwa nyengine upo mpango wa Hinari, ulioanzishwa na Shirika la Afya Duniani pamoja na wachapishaji mwaka 2002, unaoziwezesha taasisi za nchi zenye kipato kidogo kupata majarida ya afya. Wakutubi wa vyuo ndio wa kuulizwa kwanza. Aidha, mtafiti mwenyewe akiandikiwa barua kwa adabu, mara nyingi hupeleka nakala ya makala yake bila ya masharti.

9. KWA UPANDE WA MWANANCHI

Maelezo haya si ya maofisa peke yao. Watafiti wanapofika katika shehia, wanaoulizwa maswali, wanaotolewa damu na wanaopimiwa watoto ni wananchi. Ni haki yao kuelezwa swali la utafiti kabla ya kukubali, kukataa bila ya kuadhibiwa, na kuuliza lini na kwa njia gani wataletewa matokeo. Mzazi aliyefahamu maana ya kundi la kulinganisha hatashangaa kusikia kuwa baadhi ya watoto hupewa kidonge kisicho na dawa, wala hatadhani kuwa amedanganywa. Na aliyefahamu kwamba upo usimamizi wenye uwezo wa kusimamisha utafiti unapoleta madhara, kama ilivyotokea Pemba mwaka 2003, atajua la kuuliza mapema: nani anayesimamia usalama wa watoto wetu katika kazi hii?

Wazee walisema kwamba asiyeuliza hanalo ajifunzalo. Kusoma makala ya utafiti ni kumuuliza aliyeiandika: umejuaje, umemlinganisha na nani, una uhakika kiasi gani? Watoto wa Pemba walitoa jibu ambalo limebadilisha miongozo ya dunia nzima. Haitokuwa jambo la busara iwapo jibu hilo litasomwa na kila mtu isipokuwa wenyewe waliolitoa.